Mshono wa Pili Kwenye Boksi Namba Nne

Kuna mtu alikuwa anaushona moyo wangu bila ruhusa yangu.

Kabla hujaanza kutabasamu, hii si hadithi ya mapenzi. Ningependa iwe. Moyo ninaousema ni wa ng'ombe, niliununua mwenyewe machinjioni, nikauweka kwenye boksi la plastiki lenye namba nne, ndani ya friji ya chumba chetu cha mazoezi.

Niliuacha ukiwa na mshono mmoja. Asubuhi yake nikakuta miwili.

Wa pili haukuwa wangu. Na ulikuwa mzuri kuliko wangu, jambo lililoniudhi zaidi.

Ngoja nianze vizuri, maana wengi hamjui sisi watu wa moyo tunaishije.

Mimi ni daktari. Wakati huo nilikuwa mwaka wa nne wa kujifunza upasuaji wa moyo, juu ya miaka mingine ya shule ambayo sitaki hata kuikumbuka. Umri thelathini na tano. Sina mume, sina mtoto. Nilikuwa na ua moja dirishani, likafa nikiwa wodini.

Pale kwetu, daktari bingwa anasimama kulia kwa mgonjwa. Mwanafunzi anasimama kushoto.

Wa kulia ndiye anayepasua. Wa kushoto anashika, anavuta, anafyonza damu, ananyoosha uzi usilegee. Halafu anakwenda kuandika faili.

Kuhamia kulia hakuna cheti wala sherehe. Siku bosi akikuona umeiva, unaingia thieta unamkuta yeye keshasimama kushoto, kimya, anakusubiri. Basi. Unazunguka meza, unakwenda kusimama mahali pake.

Mwenzangu niliyeanza naye tulimwita Mtanashati, kwa sababu hata nguo za thieta alikuwa anazipiga pasi. Yeye alihamia kulia mwaka uliotangulia.

Mimi bado.

Na kanuni ilikuwa wazi. Ukimaliza mwaka wa nne hujasimama kulia hata mara moja, unarudishwa upasuaji wa kawaida. Si aibu. Lakini mimi nilitaka moyo, na nilikuwa nimebakiza miezi miwili na nusu.

Aliyekuwa na uamuzi huo mkononi ni bosi wetu. Tulimwita Mzee Tena.

Jina alijitafutia mwenyewe. Ukishona vibaya hakugombezi. Anachukua mkasi, anakata mshono wako wote, anaweka mkasi chini, anasema, "Tena." Miaka minne sikumbuki kama aliwahi kuniambia maneno yanayozidi sentensi mbili. Hata salamu zangu alikuwa anazijibu kwa nyusi.

Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kupita wodini, nilikuwa chumba cha mazoezi. Zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Meza moja, stuli moja, taa, friji, na harufu ya dawa ya kufulia iliyogoma kuhama.

Zoezi lenyewe ni hili. Unachukua kipande cha mshipa wa damu, upana wake kama mrija wa wino wa kalamu. Unauunga kwenye mshipa ulio juu ya moyo, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ukimaliza unapitisha maji ya rangi kwa bomba la sindano.

Yakivuja, umeua mtu. Ndivyo tulivyokuwa tunasema.

Mimi niliua wengi.

Asubuhi ile nilipouona mshono wa pili, nikaupitishia maji. Halikutoka hata tone.

Nikamfuata Mtanashati palepale, nimefura.

"Wewe ndiye unachezea boksi langu?"

"Boksi gani?"

"Namba nne. Usijitie hujui."

"Dada yangu, mimi nyumbani nina mtoto anaota meno. Nikipata dakika kumi za bure nalala hata nimesimama. Nije kushona moyo wako kwa raha gani?"

Nikamtazama macho. Yalikuwa mekundu kweli. Hakuwa yeye.

Wengine waliobaki walikuwa wa mwaka wa kwanza, ambao hata wakishika sindano bado walikuwa wanaiomba samahani.

Najua mtaniuliza, hukuufahamu mkono wowote ule pale? Ugumu ulikuwa hapo hapo. Sote tulikuwa tunamuiga Mzee Tena, hatua kwa hatua, mpaka namna ya kukata ncha za uzi. Mishono yetu yote ilifanana. Tofauti ilikuwa moja tu, nani anavuja na nani havuji.

Nikaacha karatasi ndani ya boksi, nimeandika: "Wewe nani?"

Kesho yake karatasi iko vilevile, haijaguswa. Pembeni yake moyo una mshono mwingine.

Nikachukia. Halafu nikakaa kwenye stuli nikauangalia vizuri kwa miwani ya kukuzia.

Huyu mtu alikuwa anaweka nyuzi chache pale kwenye pembe ya chini, mimi nilikuwa narundika. Sindano yake iliingia kwa kusimama, yangu ilikuwa inalala. Nikajaribu kama yeye. Yangu ikavuja kidogo kuliko jana.

Basi ukawa ndio mchezo wetu. Mimi nashona asubuhi, yeye anashona jioni wakati mimi nipo wodini. Nikawa naacha nafasi kwenye moyo kwa ajili yake. Nikawa nachagua mioyo mizuri machinjioni, hadi muuzaji akaniuliza kama nina wageni.

Sikuwa nimeongea na mtu nje ya kazi kwa muda gani, sijui. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu nawasha redio ili tu kuwe na sauti. Sasa nikawa na kitu cha kunitoa kitandani. Nilikuwa nafika pale mbiombio, nafungua friji kama mtu anayefungua barua.

Mama yangu alikuwa ananipigia kila Jumapili.

"Mwanangu, huko una mtu lakini?"

Sijui nini kilinipata. Nikajibu, "Ninaye, mama."

"Alhamdulillahi! Anafanya kazi gani?"

"Anashona."

"Fundi cherehani? Si vibaya. Wale wana subira. Mlete tumwone."

Nilicheka mpaka nikakata simu. Halafu nikalia, tena kilio cha kweli, nimekaa sakafuni na viatu vya kazini. Nilikuwa nimemdanganya mama yangu kuhusu mtu ambaye sijawahi hata kumwona.

Mtasema, si ungemvizia?

Nilimvizia. Jumatano moja wodi ilitulia mapema, nikashuka chini saa kumi na nusu hivi. Korido nzima tupu. Chini ya mlango wa chumba cha mazoezi nikaona mwanga. Nikasikia stuli inalia mtu anapojisogeza.

Nikaweka mkono kwenye kitasa.

Nikasimama pale, nadhani dakika nzima. Halafu nikageuka nikaondoka.

Niliogopa. Nilijua nikifungua nitamkuta mtu wa kawaida, mwenye familia yake na marafiki zake, anayepitisha muda tu. Angecheka, tungesalimiana, na mimi ningebaki sina mtu. Nikaona bora nisijue.

Wiki ya sita mambo yakaanza kubadilika.

Mshono wake mmoja ukawa umelegea. Nikadhani kachoka. Kesho yake ukavuja. Keshokutwa ukavuja zaidi, na nyuzi zimelala upande, kama zimetoka mkono mwingine kabisa. Ncha za uzi, moja ndefu moja fupi.

Wangu haukuvuja.

Jamani, nilifurahi! Nilicheka peke yangu mle ndani, nikajipiga paja. Nilikuwa nimempita! Na kwa sababu furaha ikikosa mtu wa kuishiriki inageuka kuwa ujeuri, nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinanichoma.

Nikachukua mkasi, nikakata mshono wake wote. Nikageuza ile karatasi. Nikaandika neno moja kwa herufi kubwa.

"TENA."

Kesho yake nikakuta amerudia. Unavuja. Nikakata, nikaacha karatasi palepale.

Akarudia. Nikakata.

Siku kumi na moja za kazi. Sikumwonea huruma hata siku moja, maana mimi pia sikuwahi kuonewa. Nilidhani ndivyo watu wa kazi yetu wanavyopendana.

Siku ya kumi na mbili nikafungua boksi, nikakuta mshono wangu wa jana peke yake. Na siku iliyofuata hivyohivyo. Karatasi haikuwepo.

Nikajiambia, sawa, kashindwa, mjinga yule. Lakini nilikuwa nafungua friji taratibu, nikiomba nikute kitu. Niliachwa na mtu ambaye sikujua hata jina lake, na iliniuma kama kuachwa kwingine kote.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mwaka wangu wa nne uishe.

Jumatatu nikapangiwa thieta namba mbili. Mgonjwa alikuwa mama mmoja, mpishi wa shule ya bweni, sauti kubwa ya kuita watoto mia tatu. Mshipa wa moyo wake ulikuwa umeziba. Tungechukua mshipa wa mguuni tuuunge pale mbele, damu ipite pembeni.

Nilipokwenda kumwona asubuhi akanishika mkono.

"Mwanangu, umekula?"

"Nitakula baadaye, mama."

"Baadaye lini? Mtu atanipasua mimi akiwa na njaa?"

Miezi mingi hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Ilinibidi nijifanye natafuta kitu mfukoni.

Lazima niseme pia kwamba kwa mwezi mzima Mzee Tena alikuwa anafungua kifua tu, kazi ya kushona mishipa anamwachia daktari bingwa wa pili. Sisi tukasema anamtayarisha mwenzake kushika idara. Tulikuwa na maelezo ya kila kitu.

Nikanawa mikono, nikavaa, nikaingia.

Mzee Tena alikuwa amesimama kushoto.

Nilidhani kakosea. Nikamwangalia sista wa vyombo. Sista akainua kidevu kunionyesha upande wa kulia, macho yake yamejaa kicheko juu ya barakoa. Daktari bingwa wa pili alikuwa nyuma, glovu mkononi, mikono kifuani, tayari kwa lolote.

Nikazunguka meza. Hatua tano. Sijawahi kutembea safari ndefu kama ile.

Sitawachosha na yote. Tulifungua kifua. Fundi wa mashine akaiwasha ichukue kazi ya moyo na mapafu. Moyo wa mama mpishi ukasimama, ukalala pale mbele yangu, mtulivu.

Nikashona. Sindano kusimama, nyuzi chache pembe ya chini. Mikono yangu ilijua kazi kuliko mimi. Mzee Tena alinyoosha uzi.

Nikamaliza. Tukaruhusu damu kidogo ipite tuone.

Pembe ya chini likatokeza tone. Likakua, likadondoka. Likaja jingine.

Lilikuwa dogo. Wapo ambao wangeongeza uzi mmoja pale juu wakafunga, na pengine lingekauka lenyewe. Pengine.

Nikasubiri lile neno. Nilikuwa nimelizoea, nilikaribia kulisikia.

Halikuja. Mzee Tena alikuwa anautazama moyo, si mimi. Fundi wa mashine akasoma kwa sauti dakika ambazo moyo ulikuwa umesimama.

"Tena," nikasema.

Sauti ilikuwa yangu. Sista akanipa mkasi. Nikaukata mshono wangu mwenyewe wote, nikaanza upya.

Safari hii tulipoachia damu, nilihesabu mpaka sitini. Pakavu.

Moyo ulipoanza kupata joto ulitetemeka kwanza, ukatafuta njia yake, kisha ukapiga. Ukapiga tena. Mtu aliyekuwa nyuma akashusha pumzi.

Na hapo ndipo nilipoona.

Tawi dogo la ule mshipa wa mguuni lilikuwa linatoa damu upande wake Mzee Tena. Jambo dogo, la kufunga kwa fundo moja. Yeye akachukua uzi. Akauchukua kwa mkono wa kushoto. Akafunga polepole, kama anayejifunza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka, kidole cha shahada kimenyooka, hakifanyi kitu.

Fundo lilishika. Lilikuwa limelala upande. Ncha moja ndefu, moja fupi.

Nililijua fundo lile. Nilikuwa nimelikata mara kumi na moja.

Sijui nilimalizaje kufunga kifua. Nakumbuka tu kwamba mama mpishi alitoka salama, na kwamba nilivua glovu nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Mzee Tena bila kubadili nguo.

Alikuwa amekaa, anatazama dirisha.

"Kaa, daktari."

Miaka minne hakuwahi kuniita hivyo. Sikukaa.

"Ni wewe," nikasema. "Boksi langu."

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Akauinua ule mkono wa kulia akauweka mezani, kama kitu cha mtu mwingine.

"Mshipa wa fahamu, shingoni. Kidole kilianza kufa ganzi mwaka jana. Nilitaka kujua nimebakiza nini, kabla sijamdhuru mtu. Wa kulia ulipokataa, nikajaribu kuufundisha wa kushoto."

"Lakini kwa nini kwangu? Yapo maboksi manne pale."

"Wale wengine wangeona kazi mbovu wakanyamaza. Wewe usingeweza kunyamaza. Nilijiambia, siku binti wa namba nne akikataa kazi yangu, nitaacha. Ulikataa. Nikakuomba tena, na tena. Mara kumi na moja ni nyingi, nilikuwa najidanganya. Barua ya kuacha kazi niliiandika siku ya kumi na mbili."

Ndipo nikakaa.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemstaafisha. Mkubwa wetu, mtu aliyeshona mioyo ya watu miaka thelathini, nimemtoa mimi, kwa karatasi, huku nacheka.

Halafu likaja wazo jingine, la kichoyo, na nikaliropoka.

"Kwa hiyo leo umenipa kulia kwa sababu nimeiva, au kwa sababu huwezi tena?"

"Yote mawili. Usinilazimishe kuchagua."

"Nisamehe, daktari."

"Kwa lipi? Ulikuwa sahihi kila mara."

"Ningejua ni wewe..."

"Ungejua ni mimi ungesema mshono ni mzuri, na ningeua mtu." Alilisema bila uchungu. Kisha akageuka tena dirishani, na sauti yake ikashuka. "Ila Jumatano ile nilikusikia."

"Jumatano gani?"

"Ulikuja mpaka mlangoni. Naujua mwendo wako, unaburuta kisigino. Nikaweka koleo la sindano chini. Nilikuwa nimeshapanga la kukwambia. Tangu mke wangu afe sijamwambia mtu jambo lolote la maana, nikasema leo nitamwambia huyu. Ukarudi. Nikasema, basi, ana kazi."

Sikujua hata kama mkewe alikuwa amekufa. Hakuna aliyejua pale idarani. Tulijua kila mkunjo wa mkono wake, hatukujua kwamba nyumbani anakula peke yake.

Nililia mbele yake, mimi mtu mzima. Hakunibembeleza, hajui. Alinisogezea boksi la tishu kwa mkono wa kushoto, likaanguka, tukaliacha lilipoanguka.

Aliondoka mwisho wa mwezi. Kukawa na keki na hotuba, Mtanashati akasema maneno mazuri. Mimi nilibaki kulia, na mpaka leo niko kulia. Nina wanafunzi wangu wawili. Wananiogopa, nawaona.

Mzee nilimpigia simu mara mbili, haongei kwenye simu. Mara ya tatu nikaenda kwake bila kualikwa. Sasa naenda kila Jumapili, baada ya kuongea na mama. Mwanzoni tulikuwa tunakaa tu. Siku hizi anazungumza sana, hadi namwambia anyamaze kidogo na mimi niseme.

Wengine mtataka nijute kwamba niliandika lile neno. Sijuti. Mshono ulikuwa unavuja, na anayevuja lazima aambiwe, awe nani awe nani. Kuna mama mmoja anapikia watoto mia tatu leo kwa sababu sote wawili tulikubali kuambiwa.

Ninachojuta ni kingine. Kazi ngumu ina tabia ya kukufanya uamini kwamba kunyamaza ndiyo heshima, na kwamba wenzako wote wana watu wa kwenda kuwaambia mambo yao. Hawana. Kama una mtu kama huyo kazini kwako, mkubwa au mdogo, usimwandikie karatasi. Nenda ukamuulize kama amekula.

Miaka minne nilisimama na yule mzee meza moja, vichwa vyetu vinakaribia kugusana, wapweke wawili, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.